Nani bado ameishika? Mwongozo kamili wa memori katika Python

Ukiandika programu kwa Python, hutaambiwa hata siku moja utenge memori wala uirudishe. Unaandika `orodha = []` na nafasi inapatikana; ukimaliza nayo, nafasi inarudi. Kazi hiyo hufanyika kimyakimya, ndiyo maana wengi wetu huanza kuifikiria siku programu inapovimba usiku kucha hadi mfumo endeshi unaikatisha.

Siku hiyo, watu huuliza memori imekwenda wapi. Mimi nilipoteza wiki nzima na swali hilo kabla ya kuelewa kwamba la kuuliza ni jingine: nani bado ameishika? Memori ya Python ambayo haijarudi karibu kila mara ina mshikaji, na mshikaji huyo ana aina yake na mstari wa msimbo uliomzaa. Anatafutika. Lakini ili umtafute ni lazima kwanza uelewe memori inashikwaje na inaachiwaje, kwa hiyo tutaanzia chini kabisa. Ninazungumzia CPython, Python ile ya kawaida inayopakuliwa na watu wengi. Fungua terminali, uandike mifano hii kwa mkono wako.

## Hatua ya 1: Tenganisha jina na objekti

Darasani tulifundishwa kwamba kigeu ni sanduku na thamani iko ndani yake. Katika Python picha hiyo inapotosha, na usipoiacha mapema kila kinachofuata kitakuchanganya. Objekti inakaa peke yake kwenye eneo la memori liitwalo hipu. Jina ni kamba tu iliyofungwa kwenye objekti hiyo.

```python
a = [1, 2, 3]
b = a
b.append(4)
print(a)   # [1, 2, 3, 4]
```

Mstari wa pili haukunakili chochote. Orodha ni ileile moja, sasa ina kamba mbili. Ukiandika `del b`, umekata kamba moja. Orodha haijaguswa, maana `a` bado anayo. Nasisitiza hili kwa sababu nimesoma misimbo mingi iliyojaa `del` kila baada ya mistari michache, mwandishi akiamini anafuta data. Hafuti. Anafungua mkono mmoja tu, na kama kuna mkono mwingine mahali fulani, data ipo palepale.

## Hatua ya 2: Tazama hesabu ya marejeo ikipanda na kushuka

Kila kamba tunaiita rejeo. Kila objekti, hata namba ndogo, huanza na kichwa ambacho kwenye kompyuta ya biti 64 kwa kawaida kina baiti 16: baiti 8 za hesabu ya marejeo, na baiti 8 zinazoonyesha aina yake. Jina jipya likifungwa, hesabu inapanda. Objekti ikiwekwa ndani ya orodha au kamusi, inapanda. Ikipitishwa kwenye funksheni, inapanda kwa muda. Jina likikatwa, au funksheni ikimaliza na majina yake ya ndani yakatoweka, inashuka.

```python
import sys

orodha = []
print(sys.getrefcount(orodha))   # 2
nyingine = orodha
print(sys.getrefcount(orodha))   # 3
del nyingine
print(sys.getrefcount(orodha))   # 2
```

Usishangae kuona 2 mwanzoni wakati jina ni moja. Kuiuliza hesabu kwenyewe kunaongeza rejeo la muda. Ukijaribu jambo hilo ndani ya funksheni kwenye Python 3.14, unaweza kuona namba ndogo zaidi, kwa kuwa toleo hilo huepuka kupandisha hesabu pale linapoweza kuazima rejeo kwa usalama. Na ukiuliza hesabu ya `None` kuanzia toleo la 3.12, utapata namba ya mabilioni. Hiyo ni alama kwamba objekti hiyo haifi kamwe, na hesabu yake haiguswi tena.

Hesabu ikifika sifuri, objekti inafutwa papo hapo, mstari huohuo. Haingoji zamu. Na kabla haijaondoka inaachia kila ilichokuwa imeshika, kwa hiyo vitu hivyo navyo vinapunguziwa hesabu, na vingine vinafika sifuri, na kuendelea. Kuiachia kamusi moja kubwa kunaweza kuangusha maelfu ya objekti kwa mfululizo. Mbinu hii ni ya zamani: George Collins aliieleza mwaka 1960, mwaka uleule John McCarthy alipochapisha maelezo ya lugha ya Lisp yenye mbinu ya pili, ile ya kupita na kuzoa vilivyoachwa. Python inatumia zote mbili, na hatua inayofuata inaonyesha kwa nini moja haitoshi.

## Hatua ya 3: Tengeneza mzunguko, umwite mzoa taka

Hebu fikiria objekti mbili zilizoshikana mikono, ya kwanza ikiielekeza ya pili na ya pili ikiielekeza ya kwanza. Kata majina yote ya nje. Hakuna tena njia ya kuzifikia kutoka kwenye programu, lakini kila moja bado ina hesabu ya 1, maana mwenzake ameishika. Hesabu ya marejeo peke yake ingeziacha hapo hadi programu inapofungwa.

```python
import gc, weakref

class Nodi:
    pass

gc.disable()
a = Nodi()
b = Nodi()
a.mwenzake = b
b.mwenzake = a
shahidi = weakref.ref(a)
del a, b

print(shahidi() is None)   # False: bado ipo
gc.collect()
print(shahidi() is None)   # True: imezolewa
gc.enable()
```

`shahidi` ni rejeo dhaifu: linaitazama objekti bila kuishika, na objekti ikifa linarudisha `None`. Lizoee, tutalihitaji tena mwishoni.

Mzoa taka wa mizunguko aliingia Python 2.0 mwaka 2000. Jinsi anavyofanya kazi kunanipendeza sana, na inafaa uielewe kwa undani, kwa kuwa ukishaielewa hutamwogopa wala hutamtegemea kupita kiasi. Hashughuliki na namba wala stringi, maana hizo haziwezi kushika kitu kingine. Anafuatilia vibebaji tu: orodha, kamusi, objekti za klasi zako, na kadhalika. Anachukua kundi la vibebaji na kunakili hesabu ya kila kimoja pembeni. Kisha anapita ndani ya kila kibebaji, na kila anapokuta rejeo linaloelekea kwenye mwenzao wa kundi hilohilo, anapunguza moja kwenye nakala ya huyo mwenzao. Akimaliza, nakala inaonyesha marejeo yanayotoka nje ya kundi peke yake. Aliyebaki na zaidi ya sifuri anashikwa na mtu wa nje, basi yuko hai, na kila anachoweza kukifikia kiko hai pia. Wanaobaki baada ya hapo wameshikana wao kwa wao tu. Hao ndio taka.

Kupita kwenye kila kibebaji kila wakati kungekuwa kazi nzito, kwa hiyo vibebaji vimegawanywa katika vizazi, vitatu katika matoleo mengi. Objekti mpya ziko kizazi cha kwanza, na nyingi hufa humo humo. Zinazonusurika hupandishwa. Kwa miaka mingi mpangilio ulikuwa 700, 10, 10: vibebaji vilivyoundwa vikizidi vilivyofutwa kwa 700, kizazi cha kwanza kinazolewa, na baada ya uzoaji 10 wa namna hiyo kinafuata cha pili. Namba zinabadilika kati ya matoleo, kwa hiyo angalia zako kwa `gc.get_threshold()`.

Ushauri wangu hapa ni mfupi: usinyunyize `gc.collect()` kwenye msimbo wako kama dawa. Ikiwa objekti imeshikwa na kitu kilicho hai, unaweza kuita funksheni hiyo mara elfu na haitaondoka.

## Hatua ya 4: Jua kwa nini namba ya mfumo endeshi haishuki

Umefuta orodha kubwa, hesabu zote zimefika sifuri, lakini ukitazama orodha ya programu zinazoendelea kwenye kompyuta, Python bado inaonyesha memori ileile. Hili huwavunja watu moyo bure.

Python haiombi memori kwa mfumo endeshi kila inapounda namba au stringi. Kwa objekti zisizozidi baiti 512 ina mgawaji wake mwenyewe, anayechukua eneo kubwa kwa mkupuo, la megabaiti 1 tangu toleo la 3.10 na kilobaiti 256 kabla ya hapo, kisha analikatakata. Objekti ikifa, kipande chake kinarudi kwa mgawaji huyo na kitatumika tena. Eneo zima hurudishwa kwa mfumo endeshi pale tu kila kipande ndani yake kinapokuwa wazi. Objekti moja ndogo iliyobaki hai inatosha kulizuia eneo zima.

Kwa hiyo tofautisha mambo mawili. Programu iliyopanda hadi megabaiti 800 ikatulia hapo siku tatu huenda haina tatizo lolote. Imefika kilele chake na sasa inatumia nafasi ileile tena na tena. Inayopanda kila saa, bila kutulia, ndiyo ya kushughulikia.

## Hatua ya 5: Pima kabla ya kugusa msimbo

Wengi huanza na `sys.getsizeof`, nayo inadanganya wasioijua. Inapima objekti yenyewe, bila vilivyomo.

```python
namba = list(range(1_000_000))
print(sys.getsizeof(namba))   # 8000056
```

Hizo baiti 8,000,056 ni za orodha na marejeo yake milioni moja, baiti 8 kila moja. Namba zenyewe ziko kwingine kwenye hipu, na kila moja ina baiti 28. Jumla halisi inavuka megabaiti 36. Ukiziweka namba hizohizo kwenye `array.array("q", ...)` zinakaa kwenye megabaiti 8 tu, maana hapo hakuna objekti, kuna tarakimu zilizopangwa mfululizo.

Kwa programu inayovimba, tumia `tracemalloc`. Imo ndani ya Python tangu toleo la 3.4, hakuna cha kusakinisha.

```python
import tracemalloc

tracemalloc.start(10)

for i in range(200):
    shughulikia(i)          # pasha moto kwanza

kabla = tracemalloc.take_snapshot()
for i in range(2000):
    shughulikia(i)
baada = tracemalloc.take_snapshot()

for mstari in baada.compare_to(kabla, "lineno")[:8]:
    print(mstari)
```

Ile duru ya mwanzo ina maana kubwa. Programu ikianza hupakia moduli, hujaza kache (hifadhi ya majibu yaliyokwisha kupatikana), hufungua miunganisho. Ukipiga picha ya kwanza kabla ya hayo, utafuatilia ongezeko ambalo si tatizo. Weka `shughulikia` iwe kazi moja kamili ya programu yako, kwa mfano ombi moja linaloingia kwenye seva. Mstari ambao ongezeko lake linaendana na idadi ya duru ndio unaoutafuta.

Yako mambo mawili ya kukumbuka. `tracemalloc` inakuonyesha mahali objekti *ilipozaliwa*, haikuambii nani anaishika. Pia haioni memori ambayo maktaba zilizoandikwa kwa C huiomba moja kwa moja bila kupitia Python. Memori ya mfumo ikipanda na `tracemalloc` ikakuonyesha utulivu, elekeza macho huko.

## Hatua ya 6: Mfuate mshikaji

Hapa nieleze kisa changu. Nilikuwa na programu ya kutengeneza ripoti. Kila ombi liliunda objekti mpya ya klasi `Ripoti`, ikasoma faili, ikatoa jumla, ikamaliza. Memori ilipanda bila kusimama, na mfumo endeshi uliikatisha programu karibu kila alfajiri. `tracemalloc` ilinionyesha mstari unaosoma faili. Nikaukagua mstari huo siku mbili. Haukuwa na kosa lolote, na nisingeona kitu hata ningeukagua mwezi mzima, kwa kuwa pale palikuwa mahali pa kuzaliwa tu.

Niliposhika njia sahihi, kwanza nilihesabu walio hai:

```python
from collections import Counter

gc.collect()
hai = Counter(type(o).__name__ for o in gc.get_objects())
print(hai.most_common(10))
```

`Ripoti` zilikuwa maelfu, wakati hakuna wakati wowote zilipohitajika zaidi ya chache. Nikachukua moja na kuuliza nani ameishika:

```python
moja = next(o for o in gc.get_objects() if type(o) is Ripoti)
for mshikaji in gc.get_referrers(moja):
    print(type(mshikaji))
```

Ukifanya hivi, utaona pia kamusi ya majina ya moduli yako, kwa kuwa `moja` ni jina linaloishika. Lipuuze hilo. Kilichobaki kwangu kilikuwa `tuple` yenye kitu kimoja ndani: `Ripoti` yenyewe. Nikauliza nani ameishika hiyo `tuple`: kamusi. Nani ameishika kamusi: `functools._lru_cache_wrapper`. Nikakumbuka mara moja. Miezi kadhaa nyuma niliandika hivi kwa mkono wangu:

```python
class Ripoti:
    @functools.cache
    def jumla(self):
        ...
```

Kache ile haikai kwenye objekti, inakaa kwenye klasi, na klasi haifi. Ufunguo wake ni hoja za funksheni, na hoja ya kwanza ni `self`. Kila ripoti iliyowahi kuulizwa jumla iliandikwa kwenye kamusi hiyo pamoja na faili zima ililobeba, na `functools.cache` haina kikomo. Tiba ilikuwa kubadilisha neno moja: `functools.cached_property`, ambayo huhifadhi jibu ndani ya objekti yenyewe na kufa nayo, kisha kuondoa mabano pale jumla ilipoitwa.

## Hatua ya 7: Kagua washikaji wa kawaida

Kache zisizo na kikomo ndizo za kwanza kwenye orodha yangu. Ikiwa unahitaji kache ya kweli, iweke kwenye funksheni ya kawaida, itumie ufunguo mwepesi kama namba au stringi, na uipe kikomo kwa `lru_cache(maxsize=...)`. Usipotaja kikomo, `lru_cache` hutunza majibu 128.

Mshikaji wa pili ni msikilizaji anayesajiliwa asiondolewe. Objekti inajiandikisha ili ijulishwe tukio fulani, orodha ya wasikilizaji inashika mbinu yake (funksheni ya klasi, yaani method), na mbinu inashika objekti. Ama uwe na njia ya kujiondoa, na uhakikishe inaitwa, ama tumia `weakref.WeakSet`, au `weakref.WeakMethod` kwa mbinu. Usiweke mbinu moja kwa moja kwenye rejeo dhaifu la kawaida. `objekti.mbinu` huundwa upya kila unapoiandika, kwa hiyo rejeo lake hufa mara hiyohiyo na msikilizaji wako hataitwa kamwe.

Makosa yaliyohifadhiwa huwashangaza wengi. Kosa linabeba njia lililopitia, njia hiyo inashika fremu, yaani kumbukumbu ya kila funksheni iliyokuwa ikiendelea, na fremu zinashika majina yote ya ndani. Ndiyo sababu Python 3 hulifuta jina la `e` mara tu sehemu ya `except` inapoisha. Ukiliweka kosa kwenye orodha ili ulichunguze baadaye, umeweka na data yote iliyokuwa mezani wakati huo. Hifadhi maandishi ya `traceback.format_exc()` badala yake.

Historia isiyo na mwisho hutibiwa kwa `collections.deque(maxlen=1000)`. Faili kubwa lisome mstari kwa mstari. Objekti ndogo zikiwa mamilioni, weka `__slots__` kwenye klasi ili kila moja isibebe kamusi yake. Na faili au muunganisho vifunge kwa `with`, usisubiri `__del__`, ile mbinu inayoitwa objekti inapokufa, maana objekti iliyomo kwenye mzunguko hufa wakati mzoa taka atakapopita, nawe hujui ni lini.

Unapojaribu haya kwenye terminali, kumbuka kwamba jina `_` hushika jibu la mwisho ulilolionyesha. Limewahi kunipotezea saa nzima nikitafuta mshikaji aliyekuwa mbele ya macho yangu.

## Hatua ya 8: Andika jaribio linalodai objekti ife

Majaribio yetu hukagua kama jibu ni sahihi, lakini ni machache mno yanayokagua kama objekti inaondoka baada ya kazi. Ni mistari saba:

```python
def test_ripoti_inakufa():
    ripoti = Ripoti("majaribio")
    ripoti.jumla
    shahidi = weakref.ref(ripoti)
    del ripoti
    gc.collect()
    assert shahidi() is None
```

Irudishe `@functools.cache` kwa makusudi, kisha `jumla` uiite kwa mabano, na uhakikishe jaribio linaanguka. Jaribio ambalo hujaliona likianguka halijakuthibitishia kitu. Ukitaka kuwa mkali zaidi, ondoa ule mstari wa `gc.collect()`. Likipita bila huo mstari, objekti yako inakufa kwa hesabu ya marejeo peke yake na haina mzunguko wowote. Likianguka, kuna duara mahali fulani ndani ya klasi, na unajua tayari namna ya kuuliza: `gc.get_referrers(shahidi())`.